Nimelipa Kiingilio Mlango Ninaoufungua Mwenyewe

Jamani, funguo za jengo lile ninazo mimi. Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimezima king'ora, nimewasha taa za ukumbi, nimepanga viti 80 kwa mikono hii hii mnayoiona imeota sugu. Saa moja mwenzangu wa mchana akanipokea zamu. Nikanawa uso chooni, nikavaa koti la kuazima, nikazunguka mtaa mara mbili ili nionekane natoka mbali. Saa tatu nikarudi kwenye mlango ule ule. Nakuta binti kakaa na meza na orodha.

"Jina lako silioni."

Nikamwambia hata mimi najua halipo, nimekuja kulipa mlangoni.

"Pauni 40. Wanafunzi nusu, wastaafu nusu, wasio na kazi nusu."

"Na wenye kazi hapa hapa?"

Akaitazama karatasi. Akaigeuza, akatazama na nyuma. Hatupo.

Basi nikatoa pauni 40 kuingia kwenye ukumbi ambao kila wiki nalala mara tano, nalinda, samahani, nalinda mara tano, bila kutoa hata senti. Nikapewa beji ya kujiandikia jina, na chini ya jina mstari wa kuandika chuo unachotoka. Mstari ule nikauacha wazi. Mama Salma nilipompigia kumweleza akanyamaza kwanza, halafu akasema, "Baba Salma, umelipa pauni 40 ukasikilize watu wanaongelea televisheni, na televisheni ipo hapa sebuleni, na juzi umesema umeme ni ghali tuizime?"

Nikamwambia mtandao unakatika. Nikakata.

Sasa nieleze, maana naona wengine mnanitazama kama yule binti. Lilikuwa kongamano la siku moja la kumuenzi Nigel Kneale. Alizaliwa 1922, akakulia Kisiwa cha Man, akaja London, akaanza kuiandikia BBC tamthilia wakati televisheni yenyewe ndiyo kwanza inasimama dede. Mwaka 1953 akatoa The Quatermass Experiment, sehemu 6, kila Jumamosi usiku: roketi imeenda na watu watatu, imerudi na mmoja, na huyo mmoja si yeye tena. Jina la Quatermass, profesa mwenye roketi hiyo, alilitoa kwenye kitabu cha simu cha London. Kapekua, kaliona, kalichukua. Sisi wengine tunamtafutia mtoto jina miezi tisa, na akizaliwa ukoo mzima unanuna.

Mimi nisingemjua kama si zamu ya usiku. Mlinzi wa usiku ana chai, ana raundi na ana simu. Chai inaisha saa sita. Raundi, tusidanganyane. Inabaki simu. Ndipo usiku mmoja nikaangukia The Stone Tape, ile waliyoirusha usiku wa Krismasi 1972, sijui nani aliona hiyo ndiyo zawadi. Wataalamu wa kurekodi sauti wamehamia kwenye jumba kuukuu, kumbe mawe ya chumba kimoja yamehifadhi mayowe ya mfanyakazi wa ndani aliyefia pale zamani, kwenye ngazi za mawe zisizofika popote. Wao badala ya kuhama wanasema tuyapime. Mtu mwenye akili timamu anasikia mayowe ukutani, analeta mashine ili ayasikie vizuri!

Naangalia hayo saa nane usiku, peke yangu, na nyuma ya kiti changu kuna mlango wa kwenda stoo ya chini. Stoo ina ngazi. Ngazi ni za mawe. Tangu siku hiyo kiti changu nimekigeuza, mlango uwe mbele yangu.

Basi, ukumbini. Mtoa mada wa kwanza, profesa mwenye skafu ya kijani, alizungumza dakika 40 kuhusu glavu. Glavu zenyewe zina kisa kitamu: mwisho wa ile ya 1953 yule aliyerudi na roketi kageuka zimwi, limetanda ndani ya kanisa la Westminster Abbey, na pesa ya zimwi hakuna. Kneale na Judith Kerr, aliyekuja kuwa mkewe, yule aliyeandika kitabu cha watoto cha chui milia anayebisha hodi wakati wa chai, wakachukua glavu wakazibandika majani na vipande vya ngozi. Ikachukuliwa picha kubwa ya ndani ya kanisa, ikatobolewa, na Kneale mwenyewe akapenyeza mikono akawa anaichezesha huku kipindi kinaenda mubashara. Mwandishi mzima, mikono miwili, na watu wanagwaya majumbani mwao.

Ukinipa mimi hicho kisa, dakika tano, kila mtu ameshika mbavu, tunaenda chai. Profesa alisema mkono ule "unasaili mpaka kati ya mwili na mandhari". Akarudia. Akasema atarejea kwenye nukta hiyo, na kweli akarejea, ahadi ya msomi ni deni. Nilitazama mikono yangu. Haikusaili kitu, ilikuwa inauma kwa viti 80.

Halafu akasema, "Sasa tutazame kipande kifupi."

Kongamano la televisheni, ndugu zangu, na televisheni haiwaki. Wakasimama watu wanne wenye udaktari kuizunguka rimoti moja. Mmoja akaitoa betri akazipuliza, akazirudisha. Mwingine akasema tatizo ni laptopu. Wa tatu akasema ndiyo uzuri wa enzi za Kneale, chochote kingeweza kuharibika hewani, na nusu ya ukumbi wakaandika hilo kwenye daftari. Dakika kumi na mbili. Mimi najua swichi iko nyuma ya pazia, wafanya usafi huizima kila Ijumaa jioni. Nikanyanyuka kiheshima, nikapenyeza mkono nyuma ya pazia, nikabonyeza. Picha ikaja. Nikapigiwa makofi ambayo mtoa mada hakuyapata.

Mama mmoja mbele yangu akageuka. "Wewe unatoka chuo gani?"

"Cha hapa hapa. Chini, karibu na mlango wa nyuma."

Akatikisa kichwa kama anayekifahamu.

Mada ya pili ilihusu mdudu. Sitanii. Ile ya 1953 ilirushwa mubashara kutoka studio za BBC za Alexandra Palace, na ni sehemu 2 tu za kwanza zilizorekodiwa, kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni. Ya pili inarekodiwa, mdudu akatua kwenye kioo, akatulia, akatembea kidogo, akatulia tena. Hakuna aliyemfukuza. Sehemu 4 zilizofuata hazikurekodiwa kabisa, zimepotelea hewani. Mdudu yupo mpaka leo. Hakusoma mswada, hakulipwa, hakuvaa glavu, na sasa ana mtafiti wake.

Hapo nilicheka peke yangu, nikageukiwa na safu tatu.

Lakini ugomvi wa kweli ulikuwa juu ya zile 4 zisizoonekana. Miswada yake ipo, ilichapwa kitabu na Penguin, picha ndiyo hakuna. Na amini usiamini, wenye sauti kubwa kuliko wote walikuwa wa sehemu ambazo hakuna mtu ukumbini aliyewahi kuziona. Kwenye zile 2 zilizopo watu wapole, "labda", "pengine". Wakifika ya 5 wanagonga meza.

Wakati wa maswali akasimama bwana mmoja akasema, "Sina swali hasa, nina maoni." Nani asiyemjua huyu? Yupo misibani, yupo vikao vya harusi, yupo kikao cha wazazi shuleni. Maoni yake yalikuwa na utangulizi. Mimi macho yameiva, sijalala tangu jana, kichwa kikaanza kuteremka, nakirudisha, kinateremka, nakirudisha. Bwana yule akaniona akadhani namkubalia. Akawa anazungumza kwa kunitazama mimi tu. Kila nikisinzia anaongeza nukta. Dakika tisa zile, nakiri, zimetokana na shingo yangu.

Jirani yangu wa kulia alikuwa mzee wa makamo ya babu, fimbo katikati ya magoti, kaja na chakula chake kwenye kopo. Hakuwa na chuo kwenye beji yake pia, ndiyo maana tukapatana. Wakati wanabishana kuhusu tamthilia ya Nineteen Eighty-Four ya Desemba 1954, ile Kneale aliyoitoa kwenye riwaya ya George Orwell, Peter Cushing akaigiza, mpaka wabunge wakaandikiana hoja bungeni, mzee akaninong'oneza, "Niliiona. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alinifukuza nikalale, nikaiangalia kwenye upenyo wa mlango."

Nikamuuliza Jumapili au Alhamisi? Maana ilirushwa mara mbili, na mara ya pili waigizaji walirudi studio wakaigiza upya yote mwanzo mpaka mwisho, hapakuwa na kanda ya kurudia.

"Zote mbili," akasema. "Alhamisi nilijua wale panya wa kumtesea mfungwa watakuja lini, nikaogopa zaidi."

Pale mbele anazungumza mtu aliyezaliwa kama miaka 40 baadaye kuhusu "mtazamaji wa wakati ule alivyojisikia". Mtazamaji wa wakati ule yupo safu ya sita, anamenya yai.

Nikaona nisiondoke na pauni 40 zangu bila kufungua mdomo. Nikanyosha mkono. Kuna tamthilia yake nyingine, Quatermass and the Pit, ya 1958 kuingia 1959. Wajenzi wanachimba London, wanakuta kitu ardhini, wanadhani bomu la Wajerumani, kumbe chombo cha miaka milioni na milioni kutoka sayari ya Mars. Maprofesa na makanali wanabishana weee. Anaitwa fundi wa kutoboa, mtu wa kibarua, jina lake Sladden. Anatoboa, kazi inamshinda, watu wanaondoka. Usiku Sladden anarudi peke yake. Anarudi kufanya nini? Kuchukua mashine yake! Kitendea kazi chake. Na ndiye yanayomkuta: vitu vinaruka, nyaya zinajirusha, anatoka mbio mpaka uwanja wa kanisa, ardhi inatembea chini yake kama ngozi ya punda anayefukuza nzi. Yule kijakazi wa kwenye mawe, mfanyakazi. Sladden, mfanyakazi. Nikauliza: tangu asubuhi tumewataja wanasayansi wote, glavu na mdudu. Huyu Sladden mbona hakuna aliyemtaja?

Kimya. Mwenyekiti akasema, "Swali zuri sana." Nimeishi muda mrefu kiasi cha kujua swali likishaitwa zuri sana halijibiwi. "Pengine tulijadili wakati wa chai."

Wakati wa chai wote walikimbilia biskuti. Nilimfuata mwenyekiti nikamkuta anazungumza na mwenye mdudu.

Alasiri ilikuwa zamu ya ile tamthilia ya 1968 ambayo jina lake sitalitaja hapa, mama mkwe anasoma. Lina Olimpiki, inatosha. Familia inapelekwa kisiwani kuishi kwa shida, kamera zinawafuata, na walio majumbani wanawatazama kama burudani. Mwaka 1968! Mama Salma nikija kumwambia kwamba vile vipindi vyake vya Jumanne kuna mtu alivitunga kabla mimi sijazaliwa, sijui nitaanzaje bila kutaja hilo jina.

Saa kumi na moja wakapongezana, wakapeana kadi, wakaondoka. Viti 80 vikabaki vimetawanyika kama mbuzi. Saa moja usiku nimeshavua koti, nimevaa sare, nipo kitini kwangu, mlango wa stoo mbele yangu, chai moto.

Kengele ikalia. Profesa wa skafu ya kijani, sasa bila skafu. Akanitazama usoni, hakunijua. Asubuhi nimemwashia televisheni, nimekaa safu ya sita siku nzima, nimecheka na mdudu. Sare ikishavaliwa, uso unafutika.

"Samahani, wewe ndiye mlinzi? Nadhani skafu yangu imechukuliwa pamoja na vitambaa vya meza. Wamesema vimepelekwa stoo ya chini."

"Sawa," nikasema, nikachukua tochi.

Nikafungua mlango. Swichi ya taa nikaibonyeza, taa ikawaka, ikafikiri kidogo, ikazima. Nikamulika. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mawe yamelika katikati kwa miguu ya watu ambao sijui wako wapi. Huko chini kitu kikadondoka. Labda kitambaa. Kitambaa kikidondoka kinalia "ko"?

Nikasimama pale na tochi yangu. Namfikiria Sladden na mashine yake.

Nikafunga mlango taratibu, nikageuza funguo mara mbili, nikarudi mezani.

"Haipo. Njoo Jumatatu, zamu ya mchana."

"Lakini hata hujashuka!"

"Profesa," nikamwambia, "wewe uliisoma. Mimi niliiangalia saa nane usiku, hapa hapa nilipokaa."