Vipepeo Mnawataka, Viwavi Mnawapulizia Dawa

Jirani yangu ni mtu mwema, na naandika haya nikijua huenda akayasoma. Juzi alichungulia kwenye ua, akauona mlimau wangu: matawi ya juu yameliwa, majani mengine yamebaki uti tu. Akasikitika kwelikweli. "Pole, jirani. Nina dawa imebaki, nikuletee?" Nikamshukuru, nikamwambia wanaokula hapo ni wageni wangu. Akacheka, akadhani natania. Kisha, bila hata kuvuta pumzi, akaniuliza: "Hivi vipepeo wote hawa kwako unawatoa wapi?"

Nawatoa wapi! Kwenye mlimau huohuo, jirani. Ndio hao uliotaka kuwapulizia.

Si kwamba watu hawajui. Wote tulichora ule mzunguko darasani, yai, kiwavi, pupa, kipepeo, tukaunganisha kwa mishale na tukawekewa alama ya vema. Ila somo lile huishia palepale kwenye daftari. Ukishakuwa na kibustani chako, kipepeo ni baraka na kiwavi ni mdudu mharibifu, kana kwamba hawajuani hata kwa jina. Halafu mtu anapanda maua ya kila rangi, anaweka na kisahani cha maji, anaita bustani ya vipepeo. Maua ni mgahawa tu. Kipepeo atakunywa na kwenda zake. Mayai hatakuachia, kwa sababu hujampa jani.

Na si jani lolote. Mwangalie jike wa kipepeo wa michungwa, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, anapotafuta pa kutaga. Haketi. Anapapatika juu ya mti, anagusa jani kwa miguu, anaondoka, anagusa jingine. Miguu ndiyo inayoonja. Akiridhika anakunja tumbo, anabandika yai moja, kitone cha manjano hafifu, na safari inaendelea. Atakataa mimea kumi yako ya bei mbaya mpaka afike kwenye mlimau, mdimu au ndugu zake. Yule mwingine wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa anataka yale magugu yenye utomvu mweupe kama maziwa, ambayo kila mwenye nyumba nadhifu huyang'oa kabla hata hajanywa chai. Mjerumani Maria Sibylla Merian alikwisha kuchapisha picha za viwavi pamoja na mimea wanayoila mwaka 1679. Zaidi ya miaka mia tatu, na bado tunauziana "mbegu za kuvuta vipepeo" ambazo ni maua matupu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba watu wanakosa sehemu tamu. Kipepeo anapita, unamwona nukta chache, basi. Kiwavi unakaa naye. Huyu wa mlimau akiwa mdogo ni mavi ya ndege mtupu: mweusi, kahawia, na baka jeupe mgongoni. Analala juu ya jani jua likiwaka na hakuna anayemgusa, nani ale mavi? Akijivua ngozi kwa mara ya nne anageuka kijani, mnene, umetazama mara tatu ndipo umemwona. Mguse sasa. Nyuma ya kichwa panachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu inayokurudisha hatua moja nyuma. Kisha pembe zinazama tena kama hakukuwa na kitu. Mpwa wangu, ambaye simu hatoki nayo mkononi, aliiweka chini mwenyewe ili amchokoze tena.

Na siku ya kutoka! Ganda la pupa linakuwa jembamba hadi rangi za mabawa zinaonekana ndani yake, kisha linapasuka. Anayetoka ana tumbo limevimba na vitambaa viwili vilivyokunjamana mgongoni. Ananing'inia, anasukuma majimaji ya mwilini kwenye mabawa mpaka yanyooke. Wakati huo mrija wake bado ni nyuzi mbili mbalimbali. Anazikunja na kuzikunjua mpaka zishikane ziwe moja, la sivyo hatakunywa maisha yake yote. Usimguse.

Anayedhani kiwavi ni kitu kimoja na kipepeo ni kingine ajue pia hili: mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walionyesha kwamba nondo waliofundishwa kuchukia harufu fulani wakiwa viwavi wakubwa waliendelea kuichukia baada ya kupata mabawa. Unayemkanyaga ndiye huyohuyo unayempiga picha.

Sasa najua mtanijibu, "mimi natumia dawa ya asili." Mwarobaini unaua viwavi. Ile ya bakteria, Bacillus thuringiensis, haina shida na wewe wala nyuki, lakini kazi yake hasa ni kuua viwavi, na haiulizi huyu atakuwa nani kesho.

Haya, mwenye shamba la mahindi aliyeingiliwa na viwavijeshi simwambii kitu, apambane nao. Mche wa mlimau wenye majani machache utamalizwa, huo nao ulindeni, hamisheni viwavi kwenye mti mkubwa. Na wale wenye manyoya ya kuwasha msiwashike. Nimekubali matatu, yanatosha.

Wanaofuga kwenye maboksi sebuleni, mmoja wawili kwa ajili ya watoto sina ugomvi. Mamia, hapana: mkirundika, magonjwa yanapita kama moto. Hata dira inaweza kupotea. Wale vipepeo wa Marekani ya Kaskazini wanaohamia Meksiko, utafiti wa 2019 ulikuta waliokuzwa ndani, walipojaribiwa, hawakuelekea kusini kama waliokulia nje. Wa kununua vipepeo wa kurusha harusini tutawasema siku nyingine.

Kuna jambo moja linalowavunja moyo hata wale waliokubali viwavi. Unamfuatilia wako kila asubuhi, anakuwa pupa, unasubiri, na siku moja unakuta pupa limekauka lina tundu dogo la mviringo ubavuni. Nyigu mdogo alitaga ndani, watoto wake wakamla, wakatoboa wakaenda. Watu hunitumia picha hizo wakiwa na uchungu, wakiuliza nyigu anafukuzwaje. Hafukuzwi. Kipepeo mmoja anataga mayai mengi sana, na kama yote yangefika mwisho, mlimau usingebaki na jani hata moja. Mimi huu wangu sijaupulizia kitu, umeliwa, na bado una malimau ya kutosha kugawa, na sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza viwavi imefanywa na nyigu hao, buibui na ndege. Ukishindwa kuvumilia, vika tawi moja chandarua chepesi viwavi wakiwa bado wadogo, ufunge chini vizuri. Matawi mengine yaache wazi.