Umemwanika Mtoto

Mwezi uliopita, kwenye likelemba, yaani mchango wa kupokezana, ya akina mama wa mtaa wetu hapa Kadutu, mjini Bukavu, mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa kukaushwa, alipokea zamu yake ya pesa, akabaki amesimama. Akawaambia wenzake kwamba mwanawe wa miaka tisa ana usonji, ule ambao wengi wetu tunausikia redioni kwa Kifaransa kama otisme. Wengine walimshika mkono. Mdogo wake wa kike, aliyekuwa mwanachama pia, alimngoja nje na kumwambia: "Umemwanika mtoto kama sambaza juani."

Tangu siku hiyo mtaa umegawanyika, na mimi naona pande zote mbili zina la kusikilizwa.

Mtoto mwenyewe namfahamu. Hupanga vizibo vya soda kando ya ukuta, rangi kwa rangi, na ukisogeza kimoja anaanza upya. Spika za kwaya zikifunguliwa ghafla, huziba masikio na kukimbia bila kuangalia mbele. Usonji si adhabu wala malezi mabaya. Ni namna ubongo ulivyokua, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 ulimwenguni mtu mmoja kati ya 127 alikuwa nao. Darasani mwalimu ameshamzoea, amemkalisha karibu na mlango. Lakini masomo yanaisha adhuhuri, na kuanzia hapo hadi usiku mzigo wote ni wa nyumbani.

Hofu ya mama mdogo wa mtoto, yule aliyengoja nje, si ujinga. Katika nchi yetu ya Kongo mtoto asiyeongea kama wenzake anaweza kuitwa mlozi, yaani mchawi, kabla ya jioni. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshutumu mtoto kwa ulozi, ila sheria haikai mlangoni mwa kila chumba cha maombi, na wapo watoto waliofungishwa njaa na kupigwa ili "watolewe" kitu ambacho hawana. Mama mdogo ana mabinti wa kuozesha, anajua maneno ya "ukoo ule" yanavyotembea. Tena anasema jambo ambalo limenikaa moyoni: mtoto akishapewa jina moja, watu huacha kumtazama. Hawaoni tena kwamba anajua kuhesabu kuliko kaka zake, wanaona jina tu.

Sasa msikilize mama. Kadutu ni miteremko na makorongo, na chini kuna barabara yenye pikipiki zisizopunguza mwendo. Mtoto huyu akikimbia, haitiki akiitwa. Jirani asiyejua atamkamata kwa nguvu, naye atapiga kelele na kung'ata, kisha watu watajaa. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, hatari imebadilika sura. Wiki zile shule zilifungwa, milio ya risasi ikamnyima usingizi, na mama akawa anafikiria kitu kimoja: mtu mwenye bunduki akimwamrisha mwanangu asimame, naye asisimame, nani atakuwa karibu wa kumwambia "mwache, ndivyo alivyo"?

Kwangu hoja hii ndiyo yenye uzito zaidi. Ukimya unamlinda mtoto dhidi ya midomo, lakini haumlindi barabarani. Na gharama yake hailipwi na wote sawasawa. Mama huyu alikuwa ameacha kwenda kwenye harusi, ameacha matanga, amepoteza wateja wa asubuhi. Binti yake wa miaka kumi na mitatu ndiye aliyekuwa mlinzi kila mchana, na mwalimu wake akawa anamwita mvivu kwa sababu ya kazi za nyumbani ambazo hazikufanyika. Tukizungumzia watoto hawa, dada zao huwa tunawasahau kabisa.

Hata hivyo, nisingemshauri mama mwingine atangaze kama huyu alivyofanya, peke yake mbele ya watu ishirini. Jina la hali lina kazi yake kwa mwalimu na kwa muuguzi. Kwa jirani linatosha la vitendo: haitiki akiitwa, usimshike mkono, mwonyeshe kizibo atakufuata. Na si haki aliseme yeye tu. Direkta wa shule, yaani mwalimu mkuu, angeweza kufika kwenye likelemba pamoja naye, mchungaji angeweza kulisema kanisani kabla chumba cha maombi hakijasema lake. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, madarasa yamejaa, mwalimu hana nafasi ya kumfuata mtoto hadi nyumbani, hilo nalielewa. Lakini sheria ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wenye ulemavu ipo, na katika mtaa wetu sijaona mtu wa ofisi yoyote akija kuieleza.

Kilichofuata baada ya siku ile kina uchungu na utamu. Mwanachama mmoja amewakataza watoto wake kucheza na mtoto huyu. Mama mdogo bado hajarudi kumsalimia dada yake. Kiongozi wa kwaya sasa hutuma mtoto kutoa taarifa kabla ya kufungua spika. Na Jumanne na Ijumaa, siku za soko, mama wa nyumba ya tatu humkaribisha mtoto uani kwake pamoja na vizibo vyake, na yule binti hukaa barazani na daftari hadi jua linapozama.