Kura yangu niliipeleka jikoni

Jumamosi ya mkutano wa wazazi ukungu ulikaa mpaka saa nne asubuhi. Wenyeji wa Mufindi wanajua ni ukungu gani ninaousema: unaliona koti, mwenye koti humtambui mpaka akusalimie "kamwene". Tangazo lilitaja saa mbili kamili. Tulianza saa nne na nusu, na mtendaji wa kijiji akatuomba tuharakishe, kwa sababu huu ni msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, na ikishafika saa saba akidi huhamia kilabuni. Watu walicheka. Mwalimu mkuu aliinamia makaratasi yake.

Ajenda ilikuwa moja, kuchagua wazazi watano wa kuingia kamati ya shule. Waliojitokeza walikuwa tisa. Kila mgombea alipewa dakika tatu za kueleza ana mawazo gani juu ya elimu ya watoto wetu, kisha maswali, kisha kura za kunyoosha mikono. Niliwasikiliza wote tisa, nikarudi dukani kwangu Mafinga, na kuna kero imenikaa kifuani ambayo nisipoiandika haitatoka: karibu kila mmoja aliomba kazi ambayo kamati ya shule haina.

Wa kwanza kusimama alikuwa tajiri mmoja wa mbao, mtu wa watu kwelikweli, ndiye aliyetoa mabati ya choo cha walimu. Akasema akichaguliwa shule itakuwa na mchepuo wa Kiingereza ndani ya miaka miwili. Yalipigwa makofi mpaka kunguru wakahama kwenye mkaratusi. Mimi sina ugomvi na Kiingereza. Steshenari yangu inaishi kwa kuchapa barua za Kiingereza za vijana wanaoomba kazi. Lakini shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, na zile chache za serikali zenye mchepuo wa Kiingereza hazikuanzishwa kwa mikono iliyonyooshwa chini ya mti. Kamati ya kijiji haina mamlaka hayo. Tajiri alijua? Sidhani. Sisi tuliopiga makofi je?

Akafuata mwalimu mstaafu, mzee ninayemheshimu, aliyenifundisha hesabu. Kwake yeye tatizo ni nidhamu, na nidhamu ni kiboko. "Viboko virudi," alisema, kana kwamba viliwahi kwenda mahali. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, mchapaji awe mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kitabu hicho ndicho ningependa mjumbe wa kamati akiulizie. Kipo? Mara ya mwisho kimeandikwa lini? Mwaka 2016 nchi nzima ilitazama kwenye simu video ya walimu wa mafunzo kwa vitendo wakimshambulia mwanafunzi wa sekondari jijini Mbeya, na tukapiga kelele wiki nzima. Mzee wangu alipomaliza nilitaka kunyoosha mkono nimuulize hilo, nikaona aibu. Aliyekufundisha kujumlisha humuulizi maswali magumu mbele za watu.

Kijana wa bodaboda aliahidi jezi akakaa. Alitumia dakika moja tu, na kwa hilo peke yake nusura nimpe kura.

Kisha akasimama mama mmoja anayeuza maandazi stendi. Alikuwa na buti za shamba, kitenge kimefungwa juu ya sweta, na mkononi daftari la mtoto lililokunjwa katikati. Hakusema "ndugu wazazi, itifaki imezingatiwa". Alifungua daftari akasoma: "Tunachanga debe moja la mahindi kwa kila mtoto kwa mwaka. Debe lina kilo kama kumi na nane. Siku za masomo kwa mwaka ni mia moja tisini na nne. Gawanyeni." Hakuna aliyegawanya, akagawanya mwenyewe. "Ni gramu tisini na kitu kwa siku, konzi moja iliyojaa." Akakunja mkono wake akatuonyesha konzi ilivyo. "Mwanangu anasema makande anayopewa hayafiki nusu ya hii. Nikichaguliwa nitakaa stoo na mizani. Basi."

Nilitazama nyuso. Wengine walikuwa wanamtazama mwalimu mkuu, ambaye kwa utaratibu ndiye katibu wa kamati, na wengine walikuwa wanatazama saa.

Nimtetee mwalimu kidogo, kwa sababu si lazima jibu liwe wizi. Wasiochanga ni wengi, na debe la aliyechanga hugawanywa kwa watoto wawili, hata watatu. Chanzo chake ni cha zamani. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, wengi wetu tulisikia neno "bila" tukaziba masikio. Waraka ulioeleza utaratibu ulimwachia mzazi chakula cha mtoto wa shule ya kutwa, pamoja na sare na madaftari. Papo hapo mtoto hatakiwi kurudishwa nyumbani eti mzazi hajachanga. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, na walimu wakaogopa hata kulitamka neno debe. Tangu hapo mchango wa chakula umekuwa popo, si ndege si mnyama. Hulazimishwi, ila usipotoa mwanao anakaa kando wenzake wakila.

Nimewaona hao wa kando. Mwaka jana nilipeleka karatasi za mtihani wa majaribio nikafika saa saba na robo, watoto wamepanga foleni na sahani zao. Kama thelathini hivi walikuwa wamekaa ukutani upande wa jua, wanachora chini kwa vijiti. Mmoja, wa kike, sweta lake limefumuka kiwiko, alikuwa amelaza kichwa magotini anajifanya amesinzia. Mtoto aliyesinzia kweli hafumbui jicho kila kijiko kinapogonga sahani.

Wakati wa maswali mzazi mmoja alimuuliza yule mama wa maandazi, kwa sauti ya mtu aliyechoka: kwa nini mimi ninayelima nimlishie mlevi mwanawe? Ni swali halali na halipaswi kuzomewa. Mama akajibu kwamba mlevi ashughulikiwe na serikali ya kijiji, mtoto apewe sahani. Namuunga mkono, na naongeza langu: serikali ya kijiji inaweza kukaa na kutunga sheria ndogo, inaweza kutenga ekari mbili za shamba la shule zilimwe mahindi na maharage, na mzazi asiye na debe akatoa siku zake mbili za palizi. Wazee wetu walilima mashamba ya shule baada ya mwaka 1967, enzi za Elimu ya Kujitegemea, na ardhi hiyo ipo. Kwenye shule yetu sehemu yake imeotesha miti ya mbao ambayo sijawahi kusikia ikisomwa kwenye taarifa yoyote ya mapato. (Ndiyo, nilisubiri mgombea mwenye mbao aigusie. Aligusia Kiingereza.)

Mtu ataniambia chakula si elimu. Huyo hajaangalia takwimu za mkoa wake. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, na Njombe 50.4, wakati kitaifa ni 30. Iringa na Njombe, kunakotoka mahindi na viazi vinavyojaza malori yanayopita Makambako usiku kucha! Mkoani kwetu, zaidi ya nusu ya wanaokuja kuandikishwa darasa la kwanza wanakuja wakiwa tayari wamekosa kitu ambacho makande ya shule hayawezi kukirudisha, maana udumavu hujengeka mapema, mimba na miaka miwili ya mwanzo, mama akiwa shambani tangu alfajiri na mtoto ameachiwa uji mweupe. Najua hilo. Lakini kumkalisha mtoto huyohuyo na njaa kuanzia saa moja na nusu hadi saa tisa, kisha tukamlaumu mwalimu kwamba hajui kusoma, ni kumuonea mara mbili.

Sasa fedha, ambazo wagombea wanane walizikwepa na wa tisa alizigusa kwa mahindi tu. Kwa utaratibu ulioanza 2016, ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na inayoingia kwenye akaunti ya shule ni 6,000; nyingine hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Hiyo ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule yenye watoto 480 inapata 240,000 ya chaki, karatasi, kitasa kilichovunjika na mitihani. Mimi ni mtu wa fotokopi, najua rim moja ya karatasi inameza ruzuku ya mwezi ya watoto zaidi ya ishirini. Nikiri pia kwamba mitihani ya majaribio isiyokwisha ndiyo inayonilipia pango, kwa hiyo nikisema imezidi naukata mkono unaonilisha. Imezidi.

Ukiacha ruzuku, kuna fedha za ujenzi, na hizo si za kuchezea. Madarasa ya fedha za UVIKO ya mwaka 2021 yalipewa shilingi milioni 20 kila chumba, na miradi iliyofuata, ukiwemo BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha shule za msingi, imepeleka mamilioni moja kwa moja kwenye akaunti za shule kujengwa kwa fosi akaunti: fundi wa hapohapo, wanakijiji ndio wanaonunua saruji, wanaopokea mchanga na wanaosaini. Mjumbe wa kamati asiyejua kulinganisha hati ya malipo na stakabadhi ni sahihi ya bure.

Baba yangu alikuwa mjumbe wa kamati wakati wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002 na kuendelea, ada ya shule ya msingi ilipokuwa imetoka kufutwa na watoto wamejaa kama siafu. Hakuvuka darasa la nne. Alikuwa na daftari dogo la kaunta lililofunikwa gazeti, na kila lori la mawe lilipofika aliandika tarehe, namba ya gari na jina la dereva. Siku moja fundi mkuu alimwita mchawi kwa sababu alihesabu mifuko ya saruji mara mbili. Yale madarasa matatu yamesimama hadi leo, na moja ndimo anamosoma mwanangu.

Huyo mwanangu naye ana jambo ambalo halikupata hata sekunde moja siku ile. Aliingia darasa la tatu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza, kwa hiyo elimu yake ya msingi ni miaka sita, atamaliza 2027. Wenzake wa darasa la mbele wako kwenye mtaala wa zamani, wanamaliza la saba mwaka huohuo 2027. Januari 2028 madarasa mawili yanabisha mlango mmoja wa kidato cha kwanza. Viti ni vya nani? Najua sekondari ya kata ina bodi yake, lakini watoto ni wetu, na kamati ya shule ya msingi ndiyo yenye orodha ya majina. Nilitegemea hata yule mstaafu angelitaja, hesabu yenyewe ni ya kujumlisha.

Hakutajwa pia dada wa kazi. Kila Januari kuna wasichana waliomaliza la saba ambao unawakuta stendi na mfuko mmoja, na mwanamke wasiyemjua vizuri amekata tiketi za Dar es Salaam. Tumezoea mpaka jina la mkoa wetu mjini limekuwa jina la kazi. Kamati haiwezi kufunga stendi. Inaweza kwenda nyumba kwa nyumba kabla ya matokeo kutoka, kama wajumbe wake wanajua nyumba zilipo.

Kura zilipigwa saa saba kasorobo, watu wakiwa wamekwishaanza kusogea upande wa barabara. Tajiri wa mbao alipata mikono 71. Mstaafu 64. Kijana wa jezi aliingia, na wengine wawili ambao nimekwishasahau walisema nini. Mama wa maandazi alipata 23, akawa wa sita. Mkono wangu ulikuwa mmojawapo, na nikautazama umati wa wanawake waliompigia makofi alipokunja konzi, wengi mikono yao ilikuwa ndani ya vitenge.

Kamati ilikaa palepale ikamchagua tajiri kuwa mwenyekiti. Simlaumu, hakuiba kura.

Jana jioni mwanangu aliniambia mahindi ya makande yamebunguliwa, ukiyakoroga wadudu wanaelea. Nikampigia simu mwenyekiti. Alipokea upesi, kwa heshima zote, akasema nimpe siku nne. Yuko Dar es Salaam, amepeleka mbao.