Mwalimu Analipwa Shilingi Ngapi?

"Dada ameajiriwa, sasa tumepona." Ndivyo tulivyosema nyumbani mwaka 2021 jina lake lilipotoka kwenye orodha ya ajira mpya za walimu wa serikali Tanzania. Ana shahada, akapangiwa sekondari ya kata mbali na kwetu. Tangu mwezi huo, kila shida ya ukoo ilipelekwa kwake: ada, dawa za mama, mchango wa msiba. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza kuomba.

Likizo ya Aprili 2022 akanionyesha slipu yake ya mshahara. "Soma mwenyewe, mdogo wangu."

Juu iliandikwa 716,000, mwanzo wa TGTS D, ngazi ya mshahara ya mwalimu mwenye shahada, wakati huo. Chini yake makato yamepangana. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, 35,800. Kodi ya mapato 52,040. Bima ya afya 21,480. Chama cha walimu 14,320. Halafu Bodi ya Mikopo 107,400, asilimia 15 ya mshahara, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu ni deni la kusomea kazi ileile inayomlipa. Mkononi zilibaki 484,960. Hapo hajalipa chumba, hajanunua mkaa, wala hajapanda basi kuja kutuona.

Na alikuwa bado hajakopa benki. Utaratibu unataka mtumishi abakiwe angalau na theluthi moja ya mshahara wake, na walimu wengi ninaowafahamu wanaishi kwenye theluthi hiyo, kwa sababu kiwanja au bati haviwezi kununuliwa kwa kudunduliza.

Ukitaka kujua mwalimu wa serikali analipwa ngapi, tangazo la ajira litakupa herufi tu: TGTS B kwa mwenye cheti, C kwa stashahada, D kwa shahada. Kijana anayejaza fomu ya chuo hana namna ya kujua kuwa herufi hiyo ni shilingi ngapi, sembuse itakayobaki baada ya makato. Mimi naona si haki. Fedha hizi ni za umma, viwango vinapangwa na serikali. Tangazo liandike mshahara wa kuanzia, na pembeni yake makato yote ya lazima.

Kinachofika kwa wananchi badala yake ni asilimia za nyongeza zinazotangazwa mwezi Mei. Mwaka 2022 ilitangazwa 23.3, mwaka 2025 ikatangazwa 35.1, kima cha chini cha mshahara wa serikali kikitoka 370,000 kwenda 500,000. Nafurahi kwa aliyekuwa kwenye 370,000. Lakini asilimia hizo ni za kima cha chini, na mwalimu wa shahada yuko juu yake. Julai 2022 walimu wengi walifungua slipu wakitarajia nyongeza ya karibu robo ya mshahara, wakakuta ndogo mno. Mwenye nyumba wa dada yeye hakungoja Julai. Alisikia hotuba ya Mei Mosi redioni, akapandisha kodi ya chumba mwezi uleule wa Mei.

Siku ile ya slipu nilimuuliza dada kwa nini hakutuambia mapema.

"Hamkuwahi kuniuliza napata ngapi," alisema. "Mliniuliza natuma lini."