Mimba, lango la shule na swali la mzazi

Kikao cha wazazi kikifika kwenye suala la wanafunzi waliojifungua, kuna swali huibuka ambalo nimelisikia kwa akina baba wakali na kwa akina mama wapole vilevile: "Huyu akirudi darasani, wangu nitamtisha na nini?"

Anayeuliza si mtu katili. Ni mtu aliyeuza mbuzi ili sare na madaftari vipatikane. Binti yake yuko kidato cha pili, anatembea mwendo mrefu kila asubuhi, na mzazi anajua kwamba njiani kuna kijana wa bodaboda anayempa lifti ya bure. Hana uwezo wa kuhamisha shule ije karibu na nyumbani, wala wa kulipia bweni. Silaha aliyobaki nayo ni neno: ukipata mimba, shule ndiyo basi. Sasa anaona Serikali imempokonya hata neno hilo.

Ilikuwa tarehe 24 Novemba 2021, pale waziri wa elimu wa Tanzania wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Tamko la Rais Magufuli la Juni 2017, kwamba katika utawala wake hakuna mwenye mimba atakayerudi shuleni, kila mtu analikumbuka. Kinachosahaulika ni kwamba kufukuza hakukuanza siku hiyo. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kuingia katika ndoa. Neno mimba halikutajwa, lakini shule zilizisoma kana kwamba limetajwa, na hata kabla ya kanuni hizo wasichana walikuwa wakirudishwa nyumbani. Tutalihitaji hili mbele kidogo.

Wanaopinga kurudi hawana hoja moja. Wapo walimu wanaosema darasa limefurika tayari, na mwanafunzi anayenyonyesha anahitaji uangalizi ambao hakuna mwalimu aliyefundishwa kuutoa. Wapo wanaoamini kwamba wasichana huigana, kwa hiyo mmoja akirudi bila kuonekana amepoteza kitu, wenzake watajifunza kwamba hakuna cha kupoteza. Na wapo waliokerwa na harufu ya mkopo. Mwaka 2018 Benki ya Dunia ilisitisha mkopo wa elimu wa dola milioni 300, na suala la wasichana hawa lilikuwa katikati ya mvutano huo. Machi 2020 ikaidhinisha dola milioni 500. Aliyehitimisha kwamba sera ya watoto wetu inapangwa na mkopeshaji hakuwa anaota. Nami sipendi nchi ipate hekima kwa kuonyeshwa fedha.

Ila hoja ya mkopo ina mpaka wake. Zanzibar, ndani ya Muungano huuhuu, ilikuwa imeruhusu wasichana kurudi tangu 2010, kabla ya mvutano wowote wa mkopo huo. Na miongoni mwa waliofungua shauri dhidi ya Tanzania katika Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto ni Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, asasi ya hapahapa nyumbani. Uamuzi ulitoka mwaka 2022: kuwapima wanafunzi mimba kwa lazima na kuwafukuza kulikiuka haki zao. Chombo kilichosema hivyo ni cha Umoja wa Afrika.

Turudi kwa mzazi na neno lake la kutisha, maana hapo ndipo uzito ulipo. Je, tishio lile lilizuia mimba?

Utafiti wa Demografia na Afya hufanyika kila baada ya miaka kadhaa na huwauliza wasichana wa miaka 15 hadi 19 kama wameshazaa au wana mimba. Mwaka 2004-05 walikuwa 26 katika kila 100. Mwaka 2010 wakawa 23. Mwaka 2015-16 wakapanda hadi 27, na mwaka 2022 wakashuka hadi 22. Mtetezi wa zuio ataikamata tofauti ya mwisho: kutoka 27 hadi 22, na katikati yake kuna miaka ileile ya msimamo mkali. Nimeona hoja hiyo ikitolewa kwa nia njema, na ukiitazama haraka inashawishi.

Lakini soma mfululizo wote. Wasichana walikuwa wakifukuzwa mwaka 2004, mwaka 2010 na mwaka 2015. Kati ya 2010 na 2015-16 fimbo ya kufukuza ilikuwepo mkononi na idadi ikapanda kwa wanne katika kila mia. Kama fimbo inapewa sifa ya kushuka, ipewe na lawama ya kupanda. Idadi inayopanda na kushuka huku fimbo ikiwa palepale inaonyesha kwamba kuna kitu kingine kinachoisukuma.

Tena swali la utafiti linaulizwa kwa wasichana wote, na wengi wa wanaopata mimba wakati huo hawako shuleni kabisa. Mtu aliye nje ya darasa unamtishaje kwamba utamtoa nje? Mwaka 2015-16, kati ya wasichana wa umri huo wasio na elimu yoyote, 52 katika kila 100 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Kwa waliofika sekondari au zaidi walikuwa 10. Msomaji makini atanikumbusha kwamba takwimu hii inaweza kusomwa kinyume, kwamba wapo walioikosa sekondari kwa sababu mimba iliwatoa mapema. Ni kweli, na nimelifikiria sana hilo. Lakini yule asiye na elimu yoyote hakutolewa na mimba, kwa sababu hakuwahi kuwamo. Umaskini wa kwao umechangia mambo yote mawili, kukosa shule na kuzaa mapema, kwa hiyo siwezi kuipa shule sifa ya tofauti yote. Hata nikiigawa tofauti hiyo nusu kwa nusu, bado kinachobaki ni kikubwa kuliko chochote ambacho tishio limewahi kuonyesha. Shule yenyewe, kukaa ndani yake mwaka baada ya mwaka, ndiyo kinga. Nasi tulikuwa tukitumia kinga kama adhabu.

Hofu pia inahitaji mtu mwenye nafasi ya kuchagua. Kwa sheria zetu, tangu 1998, mwanamume anayelala na msichana chini ya miaka 18 ambaye si mke wake amebaka, hata kama msichana aliitikia. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Chukua binti wa miaka kumi na tano. Mahakamani ni mtu aliyetendewa jinai. Akivuka barabara akaingia ofisini kwa mkuu wa shule, anageuka mtenda kosa dhidi ya maadili. Nimejaribu mara nyingi kuvisimamisha vitu hivi viwili pamoja na sijaona vinavyosimama.

Kuna jambo jingine ambalo halipati nafasi katika mjadala. Kesi hizi nyingi humalizwa nyumbani. Familia ya msichana hukaa na familia ya mwanamume, fidia inalipwa au ndoa inapangwa, na shahidi mkuu hafiki mahakamani. Wengine huilaumu tamaa ya wazazi. Mimi naona pia hesabu ya mtu aliyekwama. Binti ameshafukuzwa, hana pa kurudi, na njia iliyobaki ya kumpa maisha ni yule yule aliyemharibia. Utamfungaje mtu ambaye umelazimika kumfanya mkwe? Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliuacha mlango huo wazi kwa kumruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilikiona kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Naamini msichana mwenye shule ya kurudi ana sababu ya kusimama kizimbani na kumtaja mtu. Aliyefukuzwa ana sababu ya kunyamaza.

Ukimya huo umeingia hadi kwenye takwimu za shule. Wizara ikitoa sababu za wanafunzi kuacha masomo, utoro hushika nafasi ya kwanza kwa mbali, na mimba huonekana sehemu ndogo. Lakini msichana aliyejua siku ya kupimwa inakaribia hakusubiri kupimwa. Aliacha tu kuja. Kwenye daftari la mahudhurio aliandikwa mtoro, na hakuna aliyemfuata kumuuliza. Ndiyo maana siamini hesabu yoyote ya waliopoteza shule kwa mimba, iwe ya upande wangu au ya upande wa pili.

Kama tishio halizuii, kipi kinazuia? Magharibi mwa Kenya, kuanzia 2003, wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 328. Baadhi zilipewa sare za bure kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, na sare ya pili kwa wale waliobaki shuleni. Baadhi zilipata walimu waliofundishwa mtaala wa UKIMWI uliosisitiza kusubiri hadi ndoa. Katika miaka mitatu, penye sare, wasichana waliopata mimba walishuka kutoka takribani 16 hadi 13 katika kila 100. Mtaala peke yake haukupunguza mimba. Sare tu, nguo ya kuvaa asubuhi, ilifanya ambalo mawaidha hayakufanya, kwa sababu ilimpa msichana sababu ya kuamka aende. Napenda mfano huu kwa kuwa unamheshimu yule mzazi aliyeuza mbuzi. Sare aliyonunua ilikuwa inafanya kazi kubwa kuliko maneno aliyomwambia binti yake.

Wapo wanaosema hawapingi elimu, wanapinga tu mfumo rasmi: wasichana hawa wapelekwe vituo vya elimu ya watu wazima, wafanye mtihani wa maarifa, ule wa kuwapima walio nje ya shule kabla ya mtihani wa kidato cha nne, au wajifunze ufundi. Katika hoja hii kuna hekima. Kwa mama wa miaka kumi na tisa mwenye mtoto mgonjwa mgonjwa, ratiba nyepesi ya kituo inaweza kumfaa kuliko kengele ya saa moja na nusu, na masomo ya njia mbadala yaliyo chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima yamewabeba wengi. Kasoro ni pale njia mbadala inapokuwa njia pekee. Tangu Januari 2016 sekondari ya serikali hadi kidato cha nne haina ada. Katika miaka ya zuio, msichana aliyepelekwa kwenye mtihani wa maarifa alitoka palipokuwa bure akaenda palipotaka malipo, na hiyo ni wakati ana mdomo mwingine wa kulisha.

Majirani na nchi nyingine za Afrika walishalipitia hili. Malawi ilianza kuwarudisha wasichana 1993, Kenya 1994, Zambia 1997. Msumbiji ilikuwa na agizo la kuwahamishia wenye mimba kwenye madarasa ya usiku, ikaliondoa Desemba 2018. Sierra Leone iliwazuia mwaka 2015 baada ya Ebola, hadi Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliposema Desemba 2019 kwamba huo ni ubaguzi, na Machi 2020 zuio likaondolewa. Nchi zilizotangulia hazikuwa paradiso, na mimba za utotoni hazikuisha huko. Lakini hata baada ya karibu miaka thelathini, Malawi, Kenya na Zambia hazikurudi kwenye kufukuza.

Kinachonitia wasiwasi sasa ni wepesi wa kilichofanyika. Ruhusa ile ya 2021 ilitolewa kwa waraka wa wizara, na waraka ni waraka. Hauna uzito wa sheria, na uliotolewa leo unaweza kufutwa na mwingine kesho, wakati msichana anayeingia kidato cha kwanza anahitaji miaka minne kamili. Tena wapo wasiojua kama unawahusu, na wapo wanaojua lakini hawawezi kuvumilia siku ya kwanza, darasa zima likimgeukia na mwalimu akitoa mzaha wake.

Na akishavumilia, mtoto anabaki na nani? Shule zetu za serikali hazina chumba cha watoto wachanga. Bibi wa mtoto anaondoka kwenda shamba kabla jua halijachomoza, shangazi naye ana wake. Msichana wa miaka kumi na sita anafika saa nne akiwa ameloa maziwa kwenye blauzi, anakuta vipindi viwili vimepita, na kesho yake anachelewa tena. Baada ya wiki tatu haji. Kwenye daftari ataandikwa mtoro.