Mgeni wa kisiwani apewe hesabu, si masharti

Karibu kila kijumba cha kisiwani nilichowahi kulala kilikuwa na karatasi ukutani. Usiguse hiki, usimwage kile, ni marufuku hivi. Mistari ishirini, mingine kwa herufi kubwa kama mtu anayefoka. Mgeni husoma hadi wa tano, huweka begi chini, kisha hufungua bomba.

Basi tuanzie hapo kwenye bomba. Karatasi husema "tumia maji kwa uangalifu". Kwa mtu aliyezoea maji yasiyokatika, maneno hayo ni upepo tu. Mimi ningemwambia hivi: maji yote unayoyaona yametoka juu ya paa. Mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ya bati hutoa lita 1. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 10 linakupa lita 500, tena kama mifereji haivuji. Sasa choo cha zamani cha kuvuta hula lita 9 kila kikivutwa. Watu wanne, mara tano kwa siku kila mmoja, ni lita 180. Siku ya tatu haijaisha na mvua yote imeshakwenda chooni, hata uso hamjanawa. Aliyeiona hesabu hiyo haambiwi tena afunge bomba anapopiga mswaki.

Nayasema haya kwa uchungu, maana niliwahi kuacha bomba la nje likidondoka usiku kucha. Asubuhi nikagonga tangi, likaitika kama ngoma hadi karibu na chini. Ndivyo linavyopimwa, kwa njia: gonga ubavuni ukishuka polepole, na pale mlio unapokuwa mzito ndipo maji yalipo. Na palipo na kisima msijione matajiri. Chini ya kisiwa kidogo maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi. Mkivuta mengi kwa pupa, ya chumvi hupanda, na kisima kikishaingia chumvi hakiponi upesi.

Ya kunywa yachemshwe, yatokote dakika moja nzima. Paa hilohilo ndege nao hulitumia.

Umeme nao una hesabu yake, fupi zaidi. Birika la umeme la wati 2,000 likiwashwa dakika tano hutumia umeme ambao ungewasha taa ya wati 5 kwa saa 33. Kwenye nyumba ya sola yenye betri mbili, chai hiyo inaweza kuwa ndiyo giza lenu la usiku. Chemsheni kwa gesi.

Sasa choo cha mboji, kile kisichovutwa kwa maji bali huozesha kinyesi kiwe mbolea, ambacho wageni hukiogopa kuliko papa. Nakitetea kwa moyo wote. Harufu huletwa na unyevu, basi kila baada ya haja kubwa mwagia kopo la unga wa mbao au maranda, funika, nenda zako. Anayekiharibu mara nyingi ni mgeni msafi kupita kiasi, anayemimina dawa ya kuua vijidudu, kumbe vijidudu hivyo ndivyo vinavyofanya kazi humo ndani. Nimelala kwenye nyumba zenye choo cha kuvuta kilichonuka kuliko hiki.

Pana mahali pamoja tu ambapo nakubali amri bila maelezo marefu: jiko la mkaa lisiingie ndani ya nyumba, hata kama nje kuna mvua na baridi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Gesi ya mtungi angalau wameitia harufu. Nayo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni, kwa hiyo ukiinusa funga mtungi, fungua mlango, usiguse swichi yoyote.

Kisha kuna bahari, ambayo karatasi za ukutani huisahau kabisa. Tuliwahi kuazima boti, tukaiacha kwenye maji ya magotini, tukaenda kutembea upande wa pili. Kurudi, tukaikuta imelala ubavu juu ya mchanga na bahari iko kuleee. Tulikaa tukiitazama hadi jua likazama. Mwenyeji angetuambia mambo mawili tu yangetosha: kwamba maji kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya jana haifai leo, na kwamba kati ya saa sita hivi za kupwa, zile mbili za katikati huondoa nusu ya maji yote. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mambo huwa makali zaidi ya wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu.

Taka sina mengi. Kila ulichokuja nacho kwenye boti kitarudi na boti, basi maboksi na plastiki viacheni bara kabla ya kupakia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kisiwani jembe humngoja gatini. Lakini jembe si karatasi ya makatazo. Nyumba moja niliyokaa haikuwa na karatasi hata moja. Palikuwa na fimbo yenye alama za sentimita, daftari, na penseli iliyofungwa kwa uzi. Unapofika unapima kina cha tangi na kuandika, unapoondoka unaandika tena. Aliyenitangulia alikuwa amekuta 64 akaacha 61. Nilioga kwa kopo siku zote nne, mvua haikunyesha, nikaandika 59 na kuona haya kidogo.