Kontena Linalipwa Kusubiri, Dereva Je?

"Lori likiwa limesimama, dereva namlipia nini?" Maneno hayo nimeyasikia kwa tajiri mmoja mwenye matrela hapa Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, Uganda. Aliyasema huku anacheka, na madereva wake wawili wamekaa hatua chache tu kutoka pale, kivulini chini ya trela, wakisubiri mzigo wa kurudi Mombasa. Siku ile nilinyamaza, maana ni mtu mzima na nilikuwa nimemwendea na shida zangu. Leo sinyamazi.

Hebu tuulizane. Lori likisimama, ni nani asiyelipwa? Kampuni ya meli ikicheleweshewa kontena lake inatoza kwa siku, tena kwa dola. Yadi inataka pesa ya kupaki. Askari wa geti ana mshahara wake. Tajiri mwenyewe, mwenye mzigo akichelewa kushusha, anamwandikia ankara ya siku zote ambazo lori limesimama, na hapo hana kicheko hata kidogo. Chuma kinalipwa kusubiri. Aliyekiendesha kutoka Mombasa, zaidi ya kilomita 1,100, analipwa kwa safari, na karatasi zikishagongwa mhuri safari imekwisha. Kuanzia hapo yeye ni hewa.

Na msiniambie anapumzika. Apumzike wapi? Akienda kuoga, akirudi anakuta dizeli imenyonywa, turubai limechanwa, betri hazipo, na kila kilichopotea kinakatwa kwenye pesa yake. Kwa hiyo usiku analala kwenye kabini sikio likiwa nje. Simu lazima iwe na chaji, kwa sababu mzigo ukipatikana saa nane za usiku naye hajapokea, asubuhi ataambiwa hataki kazi. Tororo kwa watoto wake hawezi kwenda. Kibarua kingine hawezi kushika. Mtu asiyeruhusiwa kuondoka yuko kazini, jamani! Mnataka ushahidi gani mwingine?

Maileji yenyewe, ile pesa ya matumizi ya safari, ilishaishia njiani. Sasa anakopa kikomando, chapati ya kukatwakatwa na maharage, kwa mama wa chapati, na utingo anamtazama yeye, kwani utingo mara nyingi tajiri hamjui hata jina, anakula kutoka mfukoni mwa dereva. Halafu tunashangaa tukiona jerikeni za dizeli zinauzwa kando ya barabara. Sitetei wizi. Ila ukimlaza mtu mwenye njaa juu ya tangi lililojaa, usijifanye umeshtuka sana.

Haya, matajiri nao wana mikopo ya benki, na mzigo wa kurudi ni haba kweli. Nchi yetu inaingiza vingi kuliko inavyotoa, na kahawa na chai haziwezi kujaza matrela yote yanayopanda huku. Hilo nawapa. Lakini hasara hiyo ni ya mwenye biashara. Mwezi mzuri ukija, mbona hatumsikii akigawana faida na dereva?

Serikali msiniulize. Kima cha chini cha mshahara kilichoko vitabuni ni cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Rolex mbili hizo, si saa, ni chapati ya kukunjwa na mayai. Bunge lilipitisha mswada mpya mwaka 2019, Rais akakataa kuutia saini.

Lakini Januari 2022, madereva walipogoma Malaba, mpakani na Kenya, kwa sababu ya vipimo vya korona vya kulipia, mafuta yalikwama njiani, petroli ikapita shilingi 10,000 kwa lita sehemu kadhaa, na wakubwa wote wakakumbuka ghafla kwamba kuna watu wanaoitwa madereva. Walisikilizwa upesi ajabu.

Ninachotaka si kikubwa. Mkataba wa maandishi, siku ya kwanza ya kushusha isihesabiwe, na kuanzia ya pili dereva na utingo walipwe kwa siku mpaka lori liondoke. Asiniambie mtu kwamba hesabu ni ngumu. Siku hizo tajiri tayari anaziandika, ndizo anazomdai mwenye mzigo. Aongeze safu moja tu kwenye daftari lile lile.